Kumbukumbu za Mashine Zikiwa Mbali: Matengenezo ya Mitambo Kampala tangu 1972

Mfumo wa kusimamia matengenezo ya mitambo kupitia mtandao huelezwa kama jambo jipya kabisa. Mwendesha mashine anaripoti hitilafu kwa simu, msimamizi anampangia fundi kazi, fundi anajaza saa alizotumia na kipuri alichobadilisha, na kumbukumbu inabaki. Hoja ya insha hii ni kwamba swali lililo ndani ya mfumo huo ni la zamani: kumbukumbu za mashine anazo nani, na ziko wapi? Kampala imewahi kuulizwa swali hilo mara mbili, na kila mara ilikuwa haijajiandaa.

Mara ya kwanza ni Agosti 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 za kuondoka. Tukifundishwa tukio hili, tunasikia zaidi habari za maduka na nyumba zilizoachwa. Viwandani pigo lilikuwa la namna nyingine, kwa sababu mashine hazikufungasha mizigo. Waliofungasha ni mafundi wakuu, makarani wa bohari na waagizaji waliojua kipuri gani kinatoka wapi na kinachakaa baada ya muda gani. Baadaye fedha za kigeni nazo ziliadimika. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi, vilivyokuwa vikilisha nchi, vilikuwa vimeporomoka kufikia mwanzo wa miaka ya 1980. Katika pengo hilo ndipo mafundi wa Katwe walipojijengea jina, wakichonga kwa mkono vipuri ambavyo havikupatikana dukani. Wasomi huwasifu kwa ubunifu, na ni haki yao. Lakini kipuri cha Katwe kilipimwa kwa kutazama kile kilichovunjika, na kwa kawaida hakikuacha mchoro wala maandishi.

Mara ya pili inahusu reli, nayo kwa maoni yangu ina mafunzo zaidi. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini hapa Kampala mwezi Juni 1967. Katika mgawanyo wake, makao makuu ya posta na simu yaliletwa Kampala, lakini ya reli yalibaki Nairobi pamoja na karakana kuu. Kwa miaka kumi hilo halikuonekana kuwa tatizo: kichwa cha treni kilichohitaji matengenezo makubwa kilipelekwa Nairobi. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Uganda iliunda Shirika lake la Reli bila karakana inayolingana na ile. Nalukolongo, karakana ya reli tunayoiona leo ndani ya jiji, ilikuja baadaye kuziba pengo hilo.

Turudi kwenye mtandao. Kwa kiwanda cha Namanve, faida ya mfumo huo ni kubwa: fundi mmoja akihama, historia ya mtambo haihami naye. Hilo lingewasaidia sana watu wa 1972. Kwa watu wa 1977, sina hakika. Kumbukumbu zikiwekwa kwenye seva iliyo nchi nyingine, tunarudia mpangilio wa reli, yaani kutumia kitu hapa huku msingi wake uko kwingine, tukitumaini njia haitafungwa.

Na njia imewahi kufungwa. Tarehe 13 Januari 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Uganda nzima, ikaanza kurudishwa tarehe 18. Kwa siku hizo, msimamizi aliyetegemea seva ya mbali peke yake asingeweza kujua ni mashine ipi ilikuwa imefikia zamu ya kubadilishiwa mafuta. Zipo programu zinazohifadhi hati za kazi ndani ya simu au kompyuta ya kiwandani na kuzituma mtandao ukirudi. Katika mkataba wa kununua mfumo, kipengele hicho, pamoja na haki ya kiwanda kuchukua nakala ya kumbukumbu zake zote siku mkataba unapovunjika, kinafaa kusomwa kabla ya bei.