Shinikizo la Vyuma Vikuukuu

Neno shinikizo limepatwa na mkasa. Msomaji wa leo alisikiapo hukumbuka maradhi ya damu, au fitina za siasa. Lakini kwa wazee wa pwani lilikuwa jina la chombo, tena chombo kizito, kilichokamua ufuta na nazi hata mafuta yakachuruzika. Katika miji ya Unguja na Lamu ngamia aliyefungwa kitambaa machoni alikizunguka kinu cha mafuta mchana kutwa, na gogo likasaga na kukandamiza kwa uzito wake. Majumbani kazi ya namna hiyo, kwa kipimo kidogo, ilifanywa kwa kifumbu: nazi iliyokunwa ikatiwa ndani, kifumbu kikapopotolewa, tui likatoka. Kwa hiyo fundi wa gereji aliyesimamisha fremu ya chuma, akatia jeki katikati yake na kukandamiza beringi, hakuleta fikira ngeni pwani. Kilichokuwa kigeni ni kiasi cha nguvu, na njia ya kuipata. Mafundi hukiita chombo hicho presi, na jina hilo si baya, maadamu la kale halijasahauliwa.

Haja yake huonekana wazi zaidi kisiwani kuliko bara. Msomaji amjaalie fundi wa Tibirinzi, katika mji wa Chake Chake, Pemba, aliyeletewa ekseli ya gari la ng'ombe wakati wa mavuno ya karafuu. Magari ya ng'ombe ya visiwani kwa muda mrefu yamekwenda kwa magurudumu na ekseli za motokaa zilizokwisha kazi, na ndani ya gurudumu mna beringi iliyobana. Asiye na presi hushika nyundo na kipande cha bomba. Beringi kuukuu hutoka, ama nzima ama vipande. Shida ni kuingiza mpya. Pigo la nyundo likipita katika golori badala ya kupita katika pete inayobana, golori huacha alama katika njia yake, na beringi iliyonunuliwa asubuhi huanza kulia kabla ya juma kwisha. Njia ya pili ni kuivusha ekseli kwa meli mpaka Unguja, kwenye karakana kubwa, na kungoja. Walakini karafuu haimngoji mtu juu ya mti. Ikichanua, thamani yake imekwenda.

Kwa nini chombo chenye manufaa namna hii kilichelewa kufika katika mitaa kama Tibirinzi? Jibu la haraka, ambalo hurudiwa sana, ni kwamba watu hawakuwa na elimu. Jibu hilo ni la uvivu. Historia ya chombo chenyewe inaonyesha sababu nyingine.

Asili ya elimu yake ni andiko la Mfaransa Blaise Pascal, lililoandikwa yapata 1653 na kuchapwa mwaka 1663, baada ya kufa kwake. Pascal alieleza kwamba maji yaliyofungiwa chomboni yakisukumwa mahali pamoja huupeleka msukumo ule ule kila upande. Kwa hiyo pistoni nyembamba inaweza kuishinda pistoni nene. Zilipita zaidi ya miaka 130 kabla ya elimu hiyo kupata mwili wa chuma. Mwaka 1795 Joseph Bramah, Mwingereza mtengenezaji wa makufuli, alipata hataza ya shinikizo la maji. Kilichomsumbua hakikuwa hesabu, kilikuwa mvujo. Kila msukumo ulipozidi, maji yalitoka kandokando ya pistoni. Dawa ilikuwa pete ya ngozi iliyokunjwa, ambayo kadiri maji yanavyoisukuma ndivyo inavyozidi kubana, na husimuliwa kwamba aliyeivumbua ni fundi wake, Henry Maudslay. Maudslay aliomba kuongezewa mshahara wake wa shilingi 30 kwa juma, akakataliwa, akaondoka mwaka 1797 kufungua karakana yake mwenyewe. Hataza ilibaki kwa jina la bwana. Pete iliyo ndani ya kila jeki leo, ingawa ni ya mpira, ni mjukuu wa ngozi ile.

Chombo hicho kilikuwa na hatari yake tangu zamani. Tarehe 17 Agosti 1849, katika ujenzi wa Daraja la Britannia huko Wales, shinikizo lililokuwa likipandisha bomba la chuma lenye uzito wa zaidi ya tani 1,000 lilipasuka kitako, na mfanyakazi mmoja akapoteza maisha. Bomba lenyewe lilianguka inchi chache tu, kwa kuwa Robert Stephenson alikuwa ameamuru lijazwe chini yake kila lilipopanda. Fundi awekaye vipande vya mbao chini ya gari kabla ya kuingia uvunguni hajapata kusoma habari ya Stephenson, na hana haja.

Mashinikizo yalipokuja Afrika ya Mashariki yalikuja na mabwana zao. Yalisimama katika karakana za reli, iliyojengwa kutoka Mombasa tangu 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901, kwa sababu gurudumu la behewa hupachikwa katika ekseli kwa kukandamizwa, si kwa misumari. Yalisimama pia katika viwanda vya pamba vya Uganda na katika mashamba ya mkonge ya Tanga, yakifunga marobota kwa ajili ya meli. Pemba haikuwa na reli, wala pamba, wala mkonge. Utajiri wake ulikuwa karafuu, hasa baada ya tufani ya mwaka 1872 iliyoing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba kwa sehemu kubwa. Na karafuu, kwa bahati njema au mbaya, haitaki mashine: yataka mikono ya kuchuma, jamvi la kuanikia, jua, na gunia. Kisiwa kilichotoa sehemu kubwa ya karafuu za dunia kingeweza kufanya hivyo bila ya mtambo mmoja wa kukandamiza. Sababu ya kuchelewa ndiyo hiyo. Mitambo ilifuata mazao, na zao la Pemba halikuita mtambo.

Kilichokuja Pemba ni lori, na ndani ya lori, chini ya kiti cha dereva, jeki. Hapa ndipo historia ya kweli ya presi ya gereji inapoanzia, ingawa hakuna aliyeitia katika daftari la forodha kwa jina hilo. Jeki ya chupa ni shinikizo la Bramah lililofupishwa hata likabebeka kwa mkono mmoja: pistoni mbili, vali mbili ndogo, mafuta badala ya maji, na mpini. Aliyeinunua alinunua kifaa cha kubadilishia gurudumu. Kumbe ameleta nyumbani nusu ya mtambo wa kiwanda. Iliyokuwa haipo ni nusu ya pili, nayo ndiyo isiyo na siri yoyote, yaani kitu cha kuizuia jeki isikimbie.

Hesabu yake ni nyepesi. Pistoni ndogo ikiwa na upana wa sentimita 1, na kubwa sentimita 4, eneo la kubwa ni mara 16 ya eneo la ndogo. Mpini ukizidisha nguvu ya mkono mara 15, basi mtu anayesukuma kwa nguvu ya kilo 25 huipa pistoni ndogo kilo 375, na kubwa hupata kilo 6,000, yaani tani 6, ukiacha kinachopotea kwa msuguano. Mkono ule ule, bila injini wala ng'ombe! Lakini nguvu haitolewi bure: ili pistoni kubwa iende sentimita 1, mkono hauna budi kusafiri sentimita 240, kidogo kidogo. Ndiyo maana presi huonekana mvivu, hali nyundo huonekana hodari.

Fremu hutafutwa katika lundo la vyuma. Chesisi ya lori hutoa nguzo mbili na mihimili. Pini nene hutoka katika magari yaliyokufa. Springi mbili za kurudisha jeki juu hupatikana popote. Hapa kuna jambo linalompambanua fundi mwenye akili na mwigaji. Jeki nyingi za chupa hazifanyi kazi zikipinduliwa, kwa kuwa pampu itanyonya hewa badala ya mafuta. Mwigaji huitundika jeki kichwa chini, kisha hulalamika kwamba imekufa. Fundi mwenye akili huiacha imesimama wima juu ya bamba linaloning'inia kwa springi. Kichwa chake husukuma mhimili wa juu usioondoka, na kitako chake ndicho kinachoshuka pamoja na bamba na kukandamiza kazi. Kilichotengenezwa kuinua kimekuwa cha kushindilia, wala hakikubadilishwa hata parafujo moja.

Ugumu uko katika viungo. Tani 6 zinazoshuka juu ya beringi ndizo tani 6 zinazopanda kuung'oa mhimili wa juu. Mhimili ukiwa umechomelewa tu kati ya nguzo, mzigo wote hubebwa na mshono. Mhimili ukipitishwa chini ya pini zilizopenya katika nguzo, chuma chenyewe ndicho kinachobeba, na mshono hubaki kushikilia tu. Tena si kila chuma hukubali moto. Chuma cha reli na cha springi za lori kina kaboni nyingi. Kikichomelewa bila kupashwa joto kwanza na kuachwa kipoe polepole, huwa kikavu kama kigae pembeni mwa mshono, na nyufa zake hazionekani kwa macho. Fremu ya namna hiyo yaweza kufanya kazi mwaka mzima, kisha ikaachia siku moja. Beringi nayo ikikandamizwa vibaya hupasuka, na vipande vyake huruka kama risasi. Yaelekea sifa nyingi zinazomiminwa juu ya werevu wa mafundi wa mitaani huandikwa na watu wasiopata kusimama mbele ya presi. Kumsifu fundi na kumwacha bila kipande cha bati nene mbele ya uso wake ni adabu nusu.

Kwa Pemba palikuwa na kizuizi kingine, nacho ni umeme. Kuchomelea chuma kinene kwa umeme kwataka mkondo usioyumba. Kwa miaka mingi kisiwa kiliendeshwa kwa majenereta ya dizeli ya Wesha, karibu na Chake Chake, na mkondo ulikatika mara kwa mara. Mwaka 2010 waya wa chini ya bahari, wa zaidi ya kilomita 70, ulianza kuleta umeme kutoka Tanga. Wanaoandika habari za waya huo hutaja taa, barafu na hospitali, na ni haki. Lakini mshono wa fremu ya presi nao ni tunda lake. Wakati huo huo magari yenyewe yalikuwa yamebadilika. Tangu biashara ya Zanzibar ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, motokaa zilizotumika ziliingia kwa wingi, nyingi zikiwa na beringi za magurudumu zilizofungwa pamoja na kukandamizwa ndani ya kitovu, tofauti na zile za malori ya zamani zilizotolewa kwa mkono na kupakwa grisi. Gari jipya lilimlazimisha fundi awe na presi. Umeme ulimwezesha kuitengeneza.

Tanzania Bara serikali ilianzisha SIDO mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na katikati ya miaka ya 1980 mhandisi Mmarekani, Carl Bielenberg, alibuni huko Arusha shinikizo la kukamulia mafuta ya alizeti kwa mpini mrefu na pistoni. Yafaa kuangalia alichokiepuka. Mashinikizo mengi ya mkono yalitumia parafujo nene, na kuchonga meno ya parafujo kama hiyo kwahitaji mashine ya kukereza, ambayo karakana ndogo haina. Bielenberg aliiacha parafujo. Fundi wa jeki aliiacha pia, kwa sababu ile ile, bila mradi wala ripoti. Kenya, ambako Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwaka 1972 taarifa mashuhuri juu ya kazi zisizo rasmi, mafundi wa jua kali waliandikiwa vitabu. Wa Pemba hawakuandikiwa. Kisiwa kina kituo cha mafunzo ya amali huko Vitongoji na skuli ya ufundi huko Kengeja. Mtaala ambao ungempa mwanafunzi lundo la chesisi, jeki moja na hesabu ya Pascal, kisha ukamtaka athibitishe mhimili wake utabeba tani ngapi kabla ya kuupa mzigo, ungemfundisha fizikia na usalama kwa pamoja, wala usingegharimu kitu.

Ila lundo lenyewe halina hakika tena. Katika karne ya 12 al-Idrisi aliandika juu ya chuma cha pwani hii kilichovushwa bahari kwenda India, ambako kilifuliwa kuwa panga. Siku hizi chuma kikuukuu kimekuwa tena bidhaa ya safari, kikikusanywa mitaani na kupimwa kwa kilo kwa ajili ya matanuri ya mbali. Kenya tamaa hiyo ilifikia kung'oa minara ya umeme, hata mwezi Januari 2022 serikali ikasimamisha biashara hiyo kwa miezi kadhaa. Mnunuzi wa kilo hatofautishi chesisi iliyonyooka na bati lililooza. Fundi ndiye anayejua ipi ni nguzo, naye aghalabu hana fedha mkononi siku lori linapokatwa.