Juma Ikangaa kabla ya New York

Alphonce Simbu wa Singida aliposhinda marathoni ya dunia mjini Tokyo, Septemba 15, 2025, alikuwa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu ya mashindano ya dunia ya riadha. Hakuwa mtu wa kwanza wa kanda ya kati kushinda marathoni katika jiji hilo. Miaka 41 nyuma, Februari 1984, Tokyo ilimpokea mzaliwa wa Dodoma akifika wa kwanza. Jina lake Juma Ikangaa, ofisa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Ikangaa akitajwa siku hizi, hutajwa New York ya 1989, na ni haki, kwa sababu muda aliouweka pale, 2:08:01, ulidumu kama rekodi ya njia ile hadi 2001. Lakini anayetaka kumfahamu mkimbiaji huyu aanzie 1982. Mwaka huo alitwaa ubingwa wa Afrika wa marathoni mjini Cairo, kisha Oktoba akaenda Brisbane, Australia, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola.

Kwenye marathoni ya Brisbane alikuwapo pia Mtanzania mwenzake, Gidamis Shahanga. Shahanga ndiye aliyekuwa mkubwa kwa jina: bingwa wa marathoni wa michezo hiyo mwaka 1978 kule Edmonton, na siku chache kabla alikuwa ameshinda mita 10,000 hapo hapo Brisbane. Mbio zilianza alfajiri kukwepa joto. Watanzania hao wakaondoka kwa kasi ambayo wengine waliiona ya kujimaliza, pengo likakaribia dakika nzima, na Robert de Castella, mwenyeji aliyekuwa akipewa nafasi kubwa ya kushinda, akabaki nyuma akipiga hesabu zake. Baadaye Shahanga alilegea. Ikangaa hakulegea. De Castella alipomfikia zikiwa zimebaki kilomita chache, Waaustralia walidhani kazi imekwisha, lakini Ikangaa alimpita tena. Wakapitana hivyo, huyu mbele, yule mbele, hadi De Castella alipopata upenyo akashinda kwa 2:09:18. Ikangaa alitumia 2:09:30. Mwingereza Mike Gratton aliyeshika nafasi ya tatu alifika zaidi ya dakika mbili na nusu baadaye. Waliozitazama mbio zile bado huzihesabu miongoni mwa marathoni bora kuwahi kukimbiwa, na zilikuwa bora kwa sababu Watanzania hawakukubali kungoja.

Watu hupenda kusema kwamba wakimbiaji wa Afrika Mashariki wanabebwa na milima. Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya nusu ya kimo cha Iten ya Kenya. Ni nchi ya ukame, mibuyu na upepo wa vumbi. Kuzaliwa huko hakumpi mtu mapafu ya ajabu. Ikangaa alijulikana kwa mazoezi ya kilomita nyingi mno kwa wiki, na nidhamu ya kijeshi haikuwa mbali naye. Naamini huko ndiko kwa kutafuta siri yake, kama siri ipo.

Oktoba 1983 alishinda marathoni ya Melbourne. Desemba 4 alikuwa Fukuoka, na hapa ndipo Wajapani walipomfahamu hasa. Besiboli ndiyo inayotawala Japani, lakini msimu wake ukiisha na baridi ikiingia, marathoni huchukua nafasi kwenye televisheni, na familia nzima hukaa kuangalia kwa zaidi ya saa mbili. Fukuoka, iliyoanzishwa 1947, ilikuwa mbio za walioalikwa tu, na kabla hayajawapo mashindano ya dunia ilihesabika kama ubingwa wenyewe. Kipenzi cha taifa alikuwa Toshihiko Seko, mwanafunzi wa kocha Kiyoshi Nakamura, aliyekwisha kushinda Fukuoka mara tatu. Nyuma yake ilikuwapo kampuni kubwa ya viungo vya chakula, S&B, yenye timu yake ya riadha.

Nyumbani kwa Ikangaa hali ilikuwa nyingine kabisa. Vita vya Kagera vilikuwa vimeacha hazina tupu, sukari na sabuni vilikuwa vya kupanga foleni, na mwaka ule ule Waziri Mkuu Edward Sokoine alikuwa akiwasaka wahujumu uchumi. Tanzania Bara haikuwa hata na kituo cha televisheni, kilikuja 1994. Mwanajeshi kutoka nchi hiyo ndiye aliyeingia uwanja wa Heiwadai akiwa mbele, Seko akiwa mgongoni kwake. Kwenye mita za mwisho Seko akachomoka. Muda wa Seko ulikuwa 2:08:52, wa Ikangaa 2:08:55. Mmarekani Alberto Salazar, mshindi wa New York mara tatu mfululizo, alikuwa wa tano.

Kuna wanaosema Ikangaa alikosa akili ya mbio, kwamba angejificha kwenye kundi angeshinda zaidi. Sikubaliani nao. Mtu asiye na kasi ya kumalizia kama ya Seko hana sababu ya kumsubiri Seko hadi uwanjani. Tumaini lake lote ni kumchosha njiani. Ikangaa alijijua, akakimbia kadiri alivyojijua, na alikosa kwa sekunde tatu tu.

Miezi miwili baadaye alishinda Tokyo kwa 2:10:49. Agosti, kwenye Olimpiki ya Los Angeles, katika joto kali, alishika nafasi ya sita kwa 2:11:10, na safari hii Seko alikuwa wa 14. Alirudi Tokyo 1986 akashinda tena, sasa kwa 2:08:10, na Desemba ya mwaka huo Fukuoka nayo akaipata. Boston alikuwa wa pili mara tatu mfululizo kuanzia 1988, mara ya kwanza akipitwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja.

Wajapani hawakumsahau. Novemba 2017, shirika lao la ushirikiano wa kimataifa, JICA, liliposaidia kuanzisha jijini Dar es Salaam mashindano ya riadha ya wanawake yaitwayo Ladies First, Ikangaa ndiye aliyekuwa balozi wa shirika hilo, na wasichana kutoka mikoa mbalimbali, Dodoma na Singida ikiwemo, wakapata uwanja wa taifa wa kukimbilia.