Watoto wachache: zamani ilikuwa huzuni, leo ni uamuzi. Uamuzi wa nani?



Ukiwa Kama, ao Kampene, ao Kalima, ao hapa Kindu, jaribu kusema mbele ya wazee kwamba wewe na mwenzako mtazaa watoto wawili ao watatu tu. Mmoja atasema hayo ni mambo ya wazungu. Mwingine atauliza kama diploma imekuharibu akili. Na bibi mmoja hatasema kitu, atakuangalia tu kwa huruma.

Hiyo huruma njo nataka tuiongelee leo. Sisi wasomi tunaichukua haraka kuwa ujinga. Kumbe iko na historia yake, na historia hiyo ni ya hapa kwetu Maniema.

1. WAKATI MANIEMA ILIKOSA WATOTO

Leo Congo inajulikana duniani kama nchi ya kuzaa sana. Watu wachache wanakumbuka kwamba miaka 70 iliyopita, sehemu kubwa ya nchi hii ilijulikana kwa kitu kingine kabisa: wanawake wengi hawakuzaa. Wabelgiji waliita jambo hilo dénatalité, yaani upungufu wa vizazi, na liliwasumbua sana. Kati ya 1955 na 1957 walifanya uchunguzi mkubwa wa wakaaji, karibu sehemu moja katika kumi ya nchi nzima. Mtaalamu Anatole Romaniuk, aliyefanya kazi juu ya hesabu hizo, alionyesha kwamba Congo haikuwa moja. Kivu ya milimani na Bas-Congo walizaa sana. Lakini Uele, Tshuapa, upande wa Stanleyville, na wilaya yetu ya Maniema zilikuwa katika mkanda wa vizazi vichache. Katika mkanda huo kulikuwa sehemu ambapo zaidi ya mama mmoja kati ya watano alifika uzeeni bila kuzaa hata mtoto mmoja.

Juu ya nini? Si kwamba walikataa. Angalia njia ambayo Maniema ilipita. Kwanza misafara ya pembe na watumwa, na miji ya Nyangwe, Kasongo na Kabambare. Kisha vita vya 1892 mpaka 1894 kati ya Wabelgiji na Waarabu-Waswahili. Kisha kauchu ya Leopold II, kubeba mizigo kwa nguvu, na baadaye migodi. Kila mara wanaume walitolewa mikini, wanawake walichukuliwa ao waliachwa, vijiji vilihamishwa. Magonjwa ya zinaa yalitembea na watu hao, zaidi sana kisonono. Kisonono kisipotibiwa kinapanda tumboni mwa mwanamke na kuziba mirija ya uzazi. Anaweza kuzaa mtoto wa kwanza, kisha mlango unafungwa. Mwanaume naye anaweza kukosa mbegu, lakini nani alimshitaki mwanaume?

Wakubwa wa kikoloni walilaumu wanawake. Walisema wanatoa mimba, wana tabia mbaya, ao kosa ni la mitala. Mikini nako walilaumu wanawake: mgumba alirudishwa kwao na mali ya ndoa ikadaiwa. Aliyeumwa njo alishitakiwa pande zote mbili.

Sasa rudi kwa yule bibi anayekuangalia kwa huruma. Mama yake alikua wakati nyumba bila mtoto ilikuwa kitu cha kila kijiji. Kwake yeye, «watoto wachache» si mpango. Ni jina la msiba.

2. KOMPANI INAHESABU MATUMBO

Wakati huohuo kulikuwa watu waliotaka watoto wa Maniema kwa sababu zao. Symétain ilianzishwa 1932 na ikajenga Kalima. Cobelmin ilikuwa Kampene. Bati ilihitaji mikono. Katanga, Union Minière ilikuwa imekwisha kubadilisha mpango tangu karibu na 1928: badala ya kuleta wanaume peke yao na kuwarudisha, ilitaka mfanyakazi akae kambini na bibi yake na watoto. Posho ilitolewa kwa mwanaume, kwa bibi, na kwa kila mtoto. Maternité zilijengwa. Mtoto aliyezaliwa kambini alikuwa mfanyakazi wa kesho.

Serikali nayo ilifuata. Baba mwenye mke mmoja na watoto wanne aliweza kusamehewa kodi. Dekreti ya 1950 ilikataza ndoa mpya za mitala. Katika miaka ya 1950 malipo ya familia kwa wafanyakazi yakawa sheria. Maana yake nini? Kila mtoto alikuwa na mstari wake kwenye karatasi ya mshahara ya baba.

Kisha ikaja penisilini, baada ya vita kuu ya pili. Mwanamke aliyekuwa angekosa mtoto sasa alitibiwa na akazaa. Ukiongeza maternité, posho na chanjo, utaelewa juu ya nini vizazi vilipanda. Katika andiko la 1980, Romaniuk alieleza jambo ambalo wengi hawalijui: mwanzoni, maendeleo hayakupunguza watoto Congo. Yaliongeza.

Hivi njo familia kubwa tunayoiita «desturi yetu ya tangu zamani» kwa sehemu fulani ni ya juzi. Babu aliyezaliwa na ndugu kumi huenda alikuwa mtoto wa penisilini.

3. LAKINI WAZEE WALIJUA KUACHANISHA

Hapa wale wanaosema «kupanga uzazi ni mambo ya wazungu» wanapotea njia. Mbele ya munganga yeyote mweupe kufika, mama wa hapa alinyonyesha miaka miwili, wakati mwingine zaidi, na wakati huo bwana na bibi hawakulala pamoja. Kupata mimba ukiwa na mtoto mchanga mgongoni ilikuwa haya. Waswahili wa pwani wana neno lake: kumbemenda mtoto, yaani kumharibu mtoto anayenyonya kwa kuvunja mwiko huo. Na wazee hawakuwa wajinga. Mtoto anayeachishwa ziwa mapema anaingia katika bwaki, nywele zinageuka rangi, miguu inavimba.

Kwa hiyo mpango ulikuwapo. Haukuwa wa kupunguza idadi, ulikuwa wa kulinda mtoto aliyekwisha kuzaliwa.

Na nani aliuvunja? Mwanahistoria Nancy Rose Hunt ameandika juu ya jambo hilo. Wabelgiji, kwa hamu ya vizazi, waliona kunyonyesha kwa muda mrefu kuwa kizuizi. Wakaleta maziwa, uji na mafundisho kwa wamama ili waachishe mapema. Mitala nayo ilisaidia mwiko huo, kwa maana bwana alikuwa na nyumba nyingine ya kwenda. Mke akibaki mmoja, na kambi ikiwa na chumba kimoja, mwiko ulikatika. Mwiko ulitoka, na hakuna kitu kilichowekwa pahali pake. Tena serikali ya kikoloni ilikataza tangu 1933 kutangaza na kusambaza dawa za kuzuia mimba. Mama alinyang'anywa njia ya zamani na akakatazwa njia mpya.

4. MOBUTU, BATI NA PRIME

Mwisho wa 1972 Mobutu alizungumza juu ya Naissances Désirables, watoto wanaotamaniwa. Mwaka 1973 komite ya taifa ikaundwa. Jina lenyewe lilichaguliwa kwa akili: halikusema «punguza», lilisema zaa mtoto unayemtaka, wakati unaomtaka. Karibu wazee wa zamani wangelikubali. Lakini ile sheria ya kikoloni ilibaki katika kitabu cha makosa ya jinai. Serikali ilihubiri kwa mdomo kitu ambacho kanuni yake ilikataza.

Hapa kwetu mambo mengine yalikuwa yanabadilika chini kwa chini. Mwaka 1976 kompani za bati ziliunganishwa kuwa SOMINKI. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka duniani, na kompani ikaanza kuachisha watu kazi. Pamoja na kazi zilikwenda posho, hospitali na shule. Wazazi waliokuwa wamezoea kompani ilipie mtoto walibaki na mtoto na bila kompani. Kisha miaka ya 1990 serikali iliacha kulipa walimu inavyofaa, na wazazi wakaanza kulipa prime kila mwezi. Kisha vita vya 1996 na 1998 vikamaliza vilivyobaki.

Mtaalamu John Caldwell wa Australia alieleza tangu 1976 kwamba watu wanazaa sana pale mali inapotoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi: mtoto analima, anachota maji, anamtunza mzee. Shule inageuza maji ya mto huo. Mali inaanza kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Kila mmoja wetu mwenye diploma anajua ni mbuzi wangapi walikwenda sokoni, ni shamba gani la mihogo lilimlipia. Bure ya shule ya msingi ilikuja 2019, lakini sekondari na chuo kikuu bado ni mfuko wa mzazi.

5. MILANGO MITATU

Sasa, kama watoto wanagharimu namna hiyo, mbona hatujapunguza sana? Mwaka 1973, mwaka uleule wa komite ya Mobutu, Ansley Coale, Mmarekani, aliwaambia wataalamu waliokutana Liège, Ubelgiji, kwamba vizazi vinashuka mambo matatu yakikutana. Watu waone kwamba idadi ya watoto ni kitu mtu anaweza kuamua. Waone faida katika uchache. Na wawe na njia mikononi. Mlango mmoja ukifungwa, hakuna anayepita.

Kenya ilipita. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mama wa Kenya alizaa wastani wa watoto 8. Uchunguzi wa 2022 ulipata 3,4. Haikuwa siku moja: mpango wa serikali ulianza 1967, wasichana wakasoma, watoto wakaacha kufa, mashamba yakawa madogo.

Congo? Uchunguzi wa 2007 ulipata 6,3 kwa kila mwanamke, ule wa 2013-2014 ukapata 6,6. Lakini Kinshasa ilikuwa 4,2. Wakongomani wale wale, mila zile zile, ila nyumba ni ya kupanga na shule ni ya kulipa. Kwa hiyo tusiseme kwamba damu yetu haikubali. Mlango wa pili umefunguka kwa wengi. Wa tatu njo umefungwa: mwaka huo, kati ya wanawake walioolewa, 8 tu kwa 100 walitumia njia ya kisasa. Na mtoto mmoja kati ya kumi alikuwa anakufa mbele ya miaka mitano. Mzee anayesema «zaa wengi, Mungu akichukua wengine wabaki» anafanya hesabu. Ni hesabu ya kituo cha afya kisicho na dawa.

6. SASA NANI ANAAMUA?

Tazama historia yote hii, na utafute mwanamke anayeulizwa. Ugonjwa haukumuuliza. Kompani ilihesabu tumbo lake. Ukoo ulidai mali ao ulimrudisha. Kanuni ya familia ya 1987 ilimtaka apate ruhusa ya bwana kwa mambo ya sheria, mpaka ilipobadilishwa 2016.

Desemba 2018 sheria mpya ya afya ilisema kitu ambacho wasomi wengi hawajakisoma. Wenye ndoa wakubaliane juu ya njia ya kupanga uzazi, lakini wasipokubaliana, neno la mwisho ni la yule ambaye mwili ni wake. Ni sentensi moja tu, lakini katika miaka mia hakuna serikali hapa iliyosema hivyo.

Sheria iko Kinshasa. Kati ya Kinshasa na Kama kuna barabara mbovu, duka la dawa bila mzigo, munganga anayesema «leta bwana yako kwanza», na mama mkwe. Hapo njo kazi yetu. Tusiende kwa wazee na namba za wazungu tukiwaambia wanazaa kama wanyama. Ni uongo, na ni matusi kwa watu waliolilia watoto. Twende na historia yao wenyewe: kwamba walijua kuachanisha, kwamba njia yao ilivunjwa na wengine, na kwamba mtoto aliyekwisha kuzaliwa alikuwa na haki ya ziwa mbele ya yule anayekuja.

Na kwa vijana wanaotaka sita, sitawacheka. Atakayeamua sita baada ya kuhesabu, pamoja na mwenzake, ameamua. Atakayezaa wawili kwa sababu ya kisonono kisichotibiwa hajaamua kitu. Idadi peke yake haituambii kama mtu yuko huru.

Basi mbele ya mali ya ndoa kupelekwa, mbele ya picha na kitenge cha sare, muulize mwenzako: tutazaa wangapi, lini, na tusipopatana tutafanya nini? Muulize, kisha nyamaza, umsikilize yeye kwanza.