Karanga za Nachingwea na Sauti ya Umma

Katika kuchambua uharibifu wa ardhi na misitu ya Nachingwea na Ruangwa, hatuna budi kuanza na mkoloni. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilimtuma John Wakefield na wenzake wawili kukagua ardhi kwa ajili ya kilimo cha karanga. Walitumia wiki tisa, na sehemu kubwa waliitazama kutoka ndani ya ndege. Ukapangwa mradi wa ekari 3,210,000. Matrekta yaling'oa misitu ya Nachingwea, reli ikajengwa kutoka pwani, na mwaka 1951 mradi ukatupwa baada ya kuteketeza pauni zipatazo milioni 36. Katika miaka ya 1960 reli nayo iling'olewa. Mkulima Mmwera, aliyeijua mvua ya kwao na udongo wake, hakuulizwa.

Hapo ndipo kilipo kiini cha suala letu. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulidai wananchi washiriki katika kufikiri na kupanga maendeleo yao, siyo kutekeleza tu. Lakini mara nyingi sanaa tuliifanya tarumbeta: uamuzi unatoka juu, kisha kikundi cha ngoma kinaitwa kuupamba. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 ilipiga hatua mbele. Watu wapatao milioni mbili walisikiliza redio katika vikundi, wakajadili, wakachimba vyoo. Hata hivyo mada iliteremshwa kutoka makao makuu.

Huko Malya, wilayani Kwimba, mwaka 1982 na 1983, wasanii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Mlama na Amandina Lihamba, waligeuza utaratibu huo. Wanakijiji ndio waliotaja matatizo yao, wakayatungia michezo na ngoma, kisha wakayajadili.

Ruangwa, iliyokuwa sehemu ya Nachingwea hadi ilipopata wilaya yake mwaka 1995, inauhitaji mtindo huo. Pori linafyekwa kwa ajili ya ufuta na mkaa. Sheria ya Misitu ya 2002 inakipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake na kuusimamia. Basi makungwi na manju wa ngoma, ambao tayari wana masikio ya watu, watunge wao wenyewe, na waulize hadharani nani anauza magogo na fedha zinakwenda wapi. Ngoma hiyo ichezwe kabla mkutano mkuu wa kijiji haujapiga kura, mgeni rasmi akiwa bado hajafika.