Kabla Ulipie Pool Party ya Desemba, Uliza Nani Anaruhusiwa Kuingia

Wasee, Desemba imekaribia na DM zangu zimejaa swali moja: "Buda, hoteli gani Diani iko na bwawa poa?" Wengine wanataka Nyali, wengine Watamu, na kuna mbogi iko tayari kushuka na SGR Jumamosi asubuhi kwa sababu ya pool party moja, halafu Jumapili usiku wako Nairobi tena. Mimi hutengeneza video za hivyo vitu, kwa hivyo swali ni halali. Lakini tukiuliza, tunauliza mambo matatu tu: bei, muziki, na kama maji yatatoka bluu kwa picha. Ni wachache wanaouliza lile swali lililowafanya watu wapigwe na kufungwa: nani anaruhusiwa kuingia?

Fikiria kidogo. Uko Diani. Bahari ya Hindi iko hapo, hatua chache kutoka kwa kiti chako, na ni ya bure. Halafu unalipa pesa ili uingie kwenye shimo la maji ya klorini kando ya bahari hiyo hiyo. Sawa, bwawa halina mawimbi, maji hayakupwi, na hukanyagi miba ya baharini. Lakini tusidanganyane, sehemu kubwa ya unacholipia ni ukuta. Unalipia kuwa upande wa ndani.

Maoni yangu ni kwamba bwawa la hoteli, tangu zamani, limekuwa mahali pa kupangia watu. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usinichukulie kama profesa. Kusoma lakini sikuacha, na hii historia inafaa kujulikana na kila mtu anayepanga likizo.

Raha ilipoingia, ubaguzi ukafuata

Tuanze Marekani, kwa sababu huko ndiko vita vya mabwawa vilipiganwa waziwazi, hadi mahakamani.

Mwishoni mwa karne ya 19, miji ya Marekani ilijenga mabwawa ya umma kwenye mitaa ya maskini. Nyumba nyingi hazikuwa na bafu, kwa hivyo watu waliingia bwawani kuoga, yaani kutoa uchafu. Wanaume walikuwa na siku zao, wanawake na zao. Mwanahistoria Jeff Wiltse, kwenye kitabu chake Contested Waters cha mwaka 2007, anaonyesha kwamba katika miji ya kaskazini maskini weusi na weupe mara nyingi waliogelea pamoja wakati huo.

Mambo yaligeuka miaka ya 1920 na 1930. Mabwawa yakawa makubwa, ya kifahari, yenye nafasi ya kuota jua, na wanaume na wanawake wakaanza kuogelea pamoja. Hapo ndipo Wazungu wengi walipokataa kabisa kumwona mwanaume mweusi ndani ya maji yaliyo na mwanamke mweupe, wote wakiwa nusu uchi. Mahali pa kuoga palipogeuka kuwa mahali pa raha, geti likawekwa.

Na geti hilo lililindwa kwa ngumi. Tarehe 21 Juni 1949, mji wa St. Louis uliruhusu watu weusi kwa mara ya kwanza kwenye bwawa la Fairground Park. Watoto weusi wakaja kuogelea, umati wa Wazungu ukajikusanya nje, na kufikia jioni watu walikuwa wanapigwa barabarani. Sababu ya yote hayo ni bwawa la kuogelea, manze.

Asidi ndani ya maji

Sasa twende kwa hoteli yenyewe. St. Augustine ni mji wa kitalii kule Florida, ulioanzishwa na Wahispania mwaka 1565. Mwaka 1964 ulikuwa unajiandaa kusherehekea miaka 400, yaani ulitaka watalii. Kando ya maji kulikuwa na moteli iliyoitwa Monson Motor Lodge, yenye mkahawa na bwawa lake. Wageni ni Wazungu peke yao.

Tarehe 11 Juni mwaka huo, Martin Luther King alienda pale akaomba kuhudumiwa chakula. Meneja, James Brock, akamzuia mlangoni. King akakamatwa papo hapo kwenye ngazi za moteli.

Wiki moja baadaye, tarehe 18 Juni, wanaharakati walirudi na mpango. Baadhi ya wenzao Wazungu walikuwa wamelipia vyumba kama wageni wa kawaida. Kundi la marabi wa Kiyahudi likaanza kusali nje, na macho yote yakaelekea huko. Wakati huo, wanaharakati weusi na weupe wakaruka bwawani pamoja. Waliokuwa na vyumba wakasema hawa weusi ni wageni wetu.

Brock alichukua chupa ya asidi ya haidrokloriki, ile ya kusafishia vigae, akazunguka ukingoni akiimwaga ndani ya maji huku watu wako ndani. Kuna picha. Unaona mwanaume amevaa miwani, ameinama na chupa, na nyuso za vijana majini zikipiga kelele. Maji yalikuwa mengi na asidi kidogo, kwa hivyo haikuwachoma, lakini aliyekuwa ndani wakati huo angejuaje? Polisi mmoja aliruka bwawani na nguo zake ili awatoe. Waogeleaji wakakamatwa, marabi nao wakakamatwa.

Picha hiyo ilizunguka dunia. Siku iliyofuata, tarehe 19 Juni, Seneti ya Marekani ilipitisha Sheria ya Haki za Kiraia kwa kura 73 dhidi ya 27. Usiseme ni picha peke yake iliyoipitisha. Mjadala ulikuwa umechukua miezi na kura zilikuwa zimeshahesabiwa. Lakini mtu yeyote aliyetaka kujua kwa nini sheria inahitajika aliiona jibu lake kwenye gazeti. Rais Johnson aliitia sahihi tarehe 2 Julai, na sehemu yake ya pili inakataza hoteli, moteli na mikahawa kubagua watu.

Brock alipoanza kutii sheria, wabaguzi wenzake wa jana walirusha mabomu ya petroli kwenye moteli yake. Mwaka 2003 moteli ilibomolewa pamoja na bwawa, ikajengwa Hilton. Ngazi alizokamatiwa King zilihifadhiwa.

Geti likabadilisha jina

Hapa ndipo historia inatuhusu hata sisi, kwa sababu ubaguzi haukusema "sawa, tumeshindwa". Ulibadilisha maneno.

Sheria ya 1964 iliacha klabu za kibinafsi nje. Basi ghafla kila mahali pakawa "klabu". Karibu na Little Rock, Arkansas, kulikuwa na sehemu ya kuogelea iliyoitwa Lake Nixon Club. Mzungu akifika, analipa senti 25 za "uanachama", anaingia. Mtu mweusi akifika, anaambiwa ni wanachama tu, na nafasi zimejaa. Kesi ilifika Mahakama ya Juu mwaka 1969, na mahakama ikasema hiyo si klabu, ni biashara ya umma yenye geti la uongo.

Mji wa Jackson, Mississippi, ulichagua njia nyingine: ulifunga mabwawa yake ya umma kuliko kuyachanganya. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ikakubali, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ikisema mabwawa yamefungwa kwa watu wote, kwa hivyo hakuna aliyebaguliwa. Wenye pesa wakachimba mabwawa nyumbani. Wengine wakabaki na jua.

Matokeo yake bado yanaua. Takwimu za CDC za Marekani zinaonyesha watoto weusi wa miaka 10 hadi 14 wanakufa maji kwenye mabwawa kwa kiwango cha zaidi ya mara 7 kuliko watoto weupe. Babu alifungiwa nje hakujifunza, mzazi hakufundishwa, mtoto naye anaingia majini hajui. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema "ni bwawa tu", mwambie si bwawa tu.

Na huku kwetu?

Kenya ya mkoloni ilikuwa na mstari wa rangi hotelini, kwenye treni, hata chooni. Tom Mboya alisimulia jinsi, mwanzoni mwa miaka ya 1950 akifanya kazi ya ukaguzi wa afya Nairobi, mama mmoja Mzungu aliingia ofisini, akaangalia, akauliza kama hakuna mtu. Mboya alikuwa amekaa hapo hapo.

Halafu tukapata uhuru, Desemba 1963. Mwezi huo huo Jaramogi Oginga Odinga, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alifika Atlanta kama mgeni rasmi. Vijana weusi wa SNCC, kamati ya wanafunzi waliopigania haki, walikwenda kumsalimia hotelini. Walipotoka wakaingia mkahawa wa jirani, Toddle House, wakanyimwa huduma, wakakataa kuondoka, wakatupwa ndani. Walitunga hadi wimbo wenye jina lake. Yaani mgeni kutoka Kenya alipokelewa hotelini, lakini mzaliwa wa pale hakuweza kununua kahawa mlango wa pili.

Sasa geuza hiyo picha uiweke Pwani yetu leo.

Mwaka jana mimi na rafiki yangu, msichana aliyezaliwa Ukunda, tulilipia kuingia kwa siku kwenye hoteli moja ya ufuoni. Tulikuwa na ujumbe wa malipo kwenye simu. Soja akatufungua mabegi, akauliza tunaenda kuona nani, kisha akasema bwawa leo ni la wageni wanaolala. Tukiwa bado tumesimama hapo, wapenzi wawili Wazungu wakapanda kutoka ufuoni, wakapita na "jambo" moja. Walitwambia wenyewe baadaye kwamba hawakuwa na chumba pale. Soja alikuwa mzee wa umri wa babangu. Rafiki yangu akamwambia, "Shikamoo mzee, mbona sisi unatuzuia na tumelipa?" Akajibu polepole, "Marahaba, mwanangu. Mimi natumwa tu." Sikumlaumu. Aliyemtuma hakuwa getini.

Tuwe wa haki: hoteli ni biashara, ina haki ya kuweka bei, idadi ya watu na sheria ya nguo za kuogelea. Sipingi hilo, na si kila geti ni la Monson. Shida inaanza sheria inapofuata uso wa mtu. "Wageni wanaolala tu" ni sawa kama ni kwa wote. Ikitumika kwa wengine tu, hiyo ni Lake Nixon na senti zake 25.

Na sheria yetu iko wazi kuliko wengi wanavyojua. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza mtu yeyote, si serikali peke yake, kukubagua kwa rangi, kabila, asili yako ya kijamii au hata mavazi. Kifungu cha 62 kinasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Kwa hivyo ule mchanga uliolowa mbele ya hoteli ni wako. Ukitembea hapo hujaingia kwa mtu.

Sasa unachagua aje?

Kabla ya kutuma pesa, piga simu uulize mambo manne. Kwanza, wageni wa mchana wanaruhusiwa bwawani, na bei ni moja kwa kila anayefika? Pili, sheria za nguo zimeandikwa wapi, na zinawahusu wote? Waambie wakutumie kwa maandishi, ukifika getini uwe na kitu cha kuonyesha. Tatu, kuna mwokoaji anayejua kuogelea, na kina cha maji kimeandikwa ukingoni? Tusijifanye, wengi wetu wa Nairobi tunaingia pool party na hatujui kuogelea, na saa tatu usiku hakuna anayeangalia upande wa maji marefu. Nne, njia ya kwenda ufuoni iko wazi kwa watu wa hapo, ama wameziba?

Na kabla ya Desemba, jifunze kuogelea. Tafuta masomo mtaani, enda Kasarani, omba binamu anayejua akufundishe. Vijana wa St. Augustine walikamatwa wakiwa ndani ya maji ili mtu kama wewe asizuiwe ukingoni. Itakuwa aibu ukae kwenye kiti na simu tu.

Orodha yangu ya Diani, Nyali na Watamu naitoa wiki ijayo. Hoteli ambayo haitanijibu maswali hayo manne kwa simu, haitakuwemo, hata kama bwawa lake ni bluu namna gani. Kama umewahi kurudishwa getini, niandikie tarehe na walichokuambia.