Nyangwe, soko la ukingoni mwa Lualaba

Safari hii twende Nyangwe. Mgeni anayefika huko leo huuliza kwanza mji wenyewe uko wapi. Maana jina hili amelisoma katika vitabu, na katika ramani za zamani ameliona limeandikwa kwa herufi kubwa, na mbele yake karatasi nyeupe tu, kwa sababu wachora ramani hawakujua mto unakokwenda. Akifika haoni ngome wala kuta. Aona kijiji, mitumbwi, na mto mpana wenye maji mazito unaopita kimya kama mtu mwenye siri. Sisi nasi tulisimama pale ukingoni tukautazama kitambo, kisha tukasema: basi ndipo hapa.

Nyangwe iko katika Maniema, upande wa mashariki wa Lualaba, mwendo wa kilometa kama 50 kutoka Kasongo. Nyuma yake, upande wa kutokea jua, kuna vilima vya majani na michikichi. Mbele yake, mto unakoelekea, unaanza mwitu mkubwa ambao watu wa pwani walikuwa wakiuita mitamba, wakiutaja kwa hofu. Ndiyo maana mahali hapa palipata mji. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Unyanyembe, ikafika Ujiji, ikavuka ziwa la Tanganyika, ikaingia Manyema, na mwishoni ikakuta mto huu. Kuuvuka bila mitumbwi haiwezekani, na mitumbwi yote ilikuwa ya Wagenya, wavuvi wa mto. Hivyo wafanya biashara walikaa, wakajenga. Hayo yalikuwa kama mwaka 1860.

Walitafuta pembe za ndovu. Tuseme hivyo wazi, kwa kuwa wengine hudhani walikuja kwanza kwa ajili ya watumwa. Pembe ndizo zilizowaleta, lakini pembe hazitembei zenyewe. Na aliyekuwa na bunduki alijifunza upesi kwamba ni rahisi kukamata watu wa kijiji na kuwaachilia kwa pembe, au kuwatwika pembe hizo na kuwapeleka pamoja nazo. Mambo hayo mawili yakawa biashara moja.

Tena tusiseme «Waarabu» kama kwamba wote walikuwa Waarabu. Wakubwa wachache walikuwa na damu ya Uarabuni. Wengine walikuwa Waswahili wa Mrima, wengine Wanyamwezi, na wengi sana, mwaka hata mwaka, walikuwa watoto wa Manyema yenyewe waliolelewa katika nyumba za mabwana, wakapewa kanzu na gobori, wakaitwa waungwana. Mwungwana kwa maana yake ni mtu huru. Wengi wa waungwana hao hawakuwa huru. Lakini jina liliwapendeza, na lugha waliyoisema ikaitwa kingwana, nayo ndiyo mama wa Kiswahili tunachosema sisi Kongo, ndiyo inayotuwezesha kuandika kurasa hizi. Hatuwezi kuizungumza Nyangwe kana kwamba ni habari ya watu wengine.

Mji ulikuwa na sehemu mbili. Upande wa kaskazini alitawala Mwinyi Dugumbi, mtu wa pwani. Upande wa kusini Sheikh Abed bin Salim. Kati yao palikuwa na bonde dogo la maji, na mashamba ya mpunga. Mchele ambao Maniema inajulikana kwao hata leo, walioueneza ni watu hao wa pwani, na jambo hilo ni haki kulitaja.

Lakini sokoni ndiko tunakotaka kuwapeleka, maana soko lilikuwapo kwa desturi ya wenyeji wenyewe, si kwa amri ya wageni. Lilikutana kila siku ya nne. Wanawake walivuka mto tangu alfajiri, au walishuka kutoka vijijini na mizigo kichwani: muhogo, mawese, chumvi, pilipili, konokono, kumbikumbi waliokaangwa, samaki wabichi na wakavu, vyungu vya udongo, majembe, nguo za nyuzi za mwale. David Livingstone, aliyekaa Nyangwe tangu mwisho wa Machi hadi Julai mwaka 1871, alikuwa akienda kulitazama karibu kila mara, akaona watu wapata 3000 siku ya soko kubwa, wengi wao wanawake. Alieleza jinsi mwenye chungu anavyokigonga kwa vifundo vya vidole pande zote, ili mnunuzi asikie kwa mlio kwamba hakina ufa. Jinsi vipande vya chuma vilivyovutwa ncha zake vikawa vyembamba, kuonyesha kwamba chuma ni kizuri. Jinsi jogoo anayening'inizwa begani kichwa chini anavyowika vile vile kama yuko uani kwake. Mzee huyu mgonjwa, asiye na meno mengi, alipenda soko. Mama zetu bado wanagonga vyungu hivyo hivyo.

Kulikuwa na sheria moja kubwa kupita zote. Vijiji vikipigana, wanawake waendao sokoni hawaguswi. Mwanamke mwenye kikapu alipita katikati ya vita vya wanaume, akaenda, akauza, akarudi. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na wote waliishika.

Livingstone hakufika Nyangwe kwa ajili ya soko. Alitaka mtumbwi. Aliamini kwamba Lualaba ndiyo mwanzo wa Nili, naye alitaka kuvuka na kwenda magharibi ahakikishe. Hakuna aliyemwuzia. Wagenya walimwogopa kama walivyowaogopa wote waliotoka upande ule, na wafanya biashara hawakutaka awatangulie kwenye pembe. Miezi ikapita. Wino ukamwishia, akaandika kwa maji mekundu ya mbegu za mti wa huko. Karatasi ikamwishia, akaandika juu ya gazeti kuukuu la Kiingereza, maneno yake yakikata mistari iliyopigwa chapa.

Tarehe 15 Julai 1871 palikuwa joto kali. Watu wapatao 1500 walikuwa sokoni, chini ya kawaida, kwa sababu ng'ambo ya mto vijiji vilikuwa vikiwaka moto tangu asubuhi. Ugomvi wa wafanya biashara wenyewe ndio ulioleta moto huo: mtumwa mmoja mkubwa aitwaye Manilla alikuwa amefanya udugu wa damu na wakuu wa upande wa pili, na watu wa Dugumbi waliona kwamba biashara ya ng'ambo inawaponyoka. Walitaka kuonyesha nani mwenye nguvu. Watatu kati yao wakaingia sokoni na bunduki, jambo ambalo si desturi. Mmoja akashika kuku, akabishana bei. Kisha bunduki zikalia, kwanza katikati ya soko, halafu na karibu na mto, ambako watu wengine wenye bunduki walikuwa wamesimama.

Watu wakakimbilia mitumbwi. Ilikuwa kama 50, imebanana katika kijito, makasia yamesahauliwa; waliokuwamo hawakuweza kuitoa. Wengi wakajitupa majini wakaogelea kuelekea kisiwa kilicho mbali, na mkondo ukiwavuta. Livingstone aliona vichwa vyao vikienda kwa mstari mrefu juu ya maji, na kimoja kimoja kikizama. Alitaka kuwapiga wauaji kwa bastola yake. Dugumbi akamsihi asijiingize katika kisasi cha damu, na Dugumbi huyo huyo ndiye aliyetuma watu katika mtumbwi kuokoa wanaozama. Waliokolewa 21. Mwanamke mmoja alikataa mkono ulionyoshwa kumtoa majini. Aliona ni afadhali mto, kwa kuwa alidhani anatolewa ili awe mtumwa.

Wafanya biashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Jina la mwanamke yule hatuna, wala la yeyote wa wenzake. Majina ya wenye bunduki tunayo.

Siku chache baadaye Livingstone aliacha Nyangwe, akarudi Ujiji amevunjika moyo, na huko ndiko Stanley alikomkuta mwaka ule ule. Barua zake juu ya soko la Nyangwe zilifika Uingereza mwaka 1872, zikasomwa, watu wakafanya kelele. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukataza watumwa kusafirishwa baharini na kufunga soko la watumwa la Unguja. Livingstone mwenyewe alikuwa amekwisha kufa mwezi mmoja mbele, na mwaka 1874 maiti yake ilipelekwa hadi Bagamoyo na watu wake, ikapokewa katika misioni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, mahali pale pale ambapo misafara ya Manyema ilianzia.

Habari yake ya Nyangwe iliyotolewa katika kitabu mwaka 1874 haikuwa sawa kabisa na yale aliyoandika juu ya gazeti kuukuu. Maandishi yale yalififia hata yasisomeke kwa macho. Mwaka 2011 wataalamu waliyapiga picha kwa mianga ya namna mbalimbali, na maneno yakatokea tena. Waliyoyasoma yanaonyesha mtu aliyechanganyikiwa zaidi, tena aliyewaogopa watu wake mwenyewe na kuwaona wakatili. Na baadhi ya wataalamu hao hudhani kwamba hata watu wa Livingstone huenda hawakuwa safi katika mambo ya siku zile. Yeye alikuwa amewapewa kutoka pwani, nao walikuwa watumwa wa Mabaniani. Hatusemi hivi ili kumpunguzia heshima. Shahidi mzuri naye hukaa nyumbani mwa mtu, hula chakula cha mtu. Na Livingstone alikuwa amekula chakula cha wafanya biashara wale kwa miaka.

Waliomfuata tuwapitie upesi. Cameron alifika Agosti 1874, naye akakosa mitumbwi, akazunguka kusini hata akatokea bahari ya Atlantiki mwaka 1875. Stanley alifika Oktoba 1876 pamoja na Tippu Tip, akiwa na fedha na bunduki za kutosha, akaondoka tarehe 5 Novemba akaingia mwitu. Mwezi wa Agosti 1877 alitokea Boma. Siku hiyo ilijulikana kwamba Lualaba si Nili, ni mto Kongo. Na tangu hapo Nyangwe haikuwa tena mwisho wa njia. Njia ya pili ilikuwa imefunguliwa kutoka chini, na watu wa kuipanda walikuwa wakijiandaa Ulaya.

Walifika baada ya miaka 16. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo chini ya Dhanis, pamoja na watu wa Ngongo Lutete ambaye zamani alikuwa mtumishi wa Tippu Tip, yalisimama ukingo wa magharibi Januari 1893. Kwa majuma sita pande mbili zilitazamana na kupigiana risasi ng'ambo ya mto. Kilichowazuia Dhanis na wenziwe ni kile kilichomzuia Livingstone: mitumbwi. Mwishoni Wagenya waliileta. Tarehe 4 Machi 1893 Nyangwe ilitekwa, na Kasongo ikafuata tarehe 22 Aprili. Daktari Hinde, aliyekuwa katika jeshi hilo, aliandika kwamba mji wa watu kama 30,000 ulibaki nyumba moja kubwa yenye boma, na kambi ya askari kuizunguka. Tunafikiri hesabu yake ya watu ni kubwa mno, lakini kuhusu maangamizi hatuna sababu ya kumkana.

Wagenya wale waliovusha jeshi, mama zao na shangazi zao walikuwa sokoni mwaka 1871. Walikuwa na sababu yao. Vitabu tulivyosomeshwa shuleni vilimaliza habari hapo: utumwa umekwisha, wakombozi wamekuja. Navyo vilisomeshwa na watu wetu wa misioni, waliochukia utumwa kwa kweli, ambao Kardinali Lavigerie aliwatuma, na waliotumia mali yao kuwakomboa watoto. Lakini vitabu vile viliruka ukurasa. Bula Matari aliyevushwa na Wagenya alitaka naye pembe, kisha mpira, na wapiga makasia, na wabeba mizigo, na chakula cha askari. Na asiyeleta alitafutwa kwa bunduki. Mtu wa Maniema aliyezaliwa 1870 na kuishi hadi 1905 aliona mabwana wawili, na sijui kama tungethubutu kumwuliza yupi alikuwa bora.

Reli ya kutoka Kindu hadi Kongolo, iliyomalizika mwaka 1911, ilipita upande mwingine wa mto. Watu wenye biashara wakaifuata. Nyangwe ikabaki na mto wake, na wavuvi wake, na swala za Waislamu ambao ni ndugu na jirani zetu, wajukuu wa waliouza na wa waliouzwa, mara nyingi katika nyumba moja.

Tulipotaka kuondoka, tulimwuliza mama mmoja aliyekuwa akifunga samaki wakavu kama hapo ndipo soko la zamani lilipokuwa. Akatuonyesha kwa kidevu upande wa maji, akasema wazee husema lilikuwa kule chini, kisha akatuuliza kama tunanunua au hatununui.