Mcheza Ugenini Hutunzwa Kwao: Dua Lipa na Udhaifu wa Hoja ya Tamaduni Mchanganyiko

Kila anapozuka mwimbaji kijana wa pop mwenye asili ya mataifa mawili, wahakiki huwa na jibu tayari: amefanikiwa kwa sababu amelelewa katika tamaduni mchanganyiko. Dua Lipa amekuwa akielezwa hivyo tangu wimbo wake “New Rules” uliposhika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 2017. Alizaliwa London Agosti 1995 na wazazi Waalbania wa Kosovo waliohama Prishtina mwaka 1992. Alikulia katika nyumba ya Kialbania na shule ya Kiingereza, akahamia Prishtina na familia yake, kisha akarudi London bila wazazi akiwa na miaka 15. Maelezo ya mchanganyiko yanapendwa kwa kuwa hayamwachi mtu mikono mitupu: Uingereza inapata sifa ya ukarimu, Kosovo inapata sifa ya uzazi, na mhakiki anapata nadharia yake ikiwa imethibitishwa. Makala haya yanadai kwamba maelezo hayo yanachukua tokeo na kulifanya chanzo. Kilichomtenga Lipa na wasichana wa rika lake waliobaki Prishtina ni haki ya kuvuka mpaka na kuishi mahali penye soko, wala si wingi wa tamaduni alizokulia. Utamaduni una nafasi yake katika maisha haya, ila nafasi hiyo iko zaidi katika matumizi ya umaarufu kuliko katika upatikanaji wake.

Kwamba utambulisho wa mtu si kitu kilichoganda, bali hujengwa na kujengwa upya, ni jambo ambalo halina ubishi mkubwa tangu kazi za mwananadharia wa utamaduni Stuart Hall. Ubishi unaanza pale mchanganyiko unapopewa uwezo wa kuzaa. Homi Bhabha, katika The Location of Culture (1994), alizungumzia nafasi ya tatu ambamo maana mpya huibuka tamaduni zinapokutana. Bhabha alikuwa akichambua mamlaka ya kikoloni na lugha yake; waliomfuata katika uhakiki wa muziki wameigeuza nafasi hiyo kuwa kiwanda cha vipaji, kana kwamba mtoto akiwekwa kati ya lugha mbili, ubunifu utajitokeza wenyewe. Paul Gilroy naye hunukuliwa kwa kupunguzwa. The Black Atlantic (1993) imejengwa juu ya taswira ya meli, na meli ina mwenyewe, ina njia zake, na ina watu walioachwa bandarini. Wanaomtaja Gilroy ili kusifu mchanganyiko hubakiza muziki na kuitupa meli. Ninavyoona mimi, meli ndiyo iliyokuwa hoja yenyewe.

Tuanze na fumbo ambalo hoja ya mchanganyiko inashindwa kulifumbua. Waalbania ni watu wachache kwa hesabu ya dunia, lakini ndani ya muda mfupi wametoa waimbaji wanne wa pop ya Kiingereza wanaojulikana kila bara: Rita Ora, Bebe Rexha, Ava Max na Dua Lipa. Ora alizaliwa Prishtina, akapelekwa London angali mchanga. Rexha ni mzaliwa wa New York. Ava Max alizaliwa Milwaukee. Wote wanne wamekulia Uingereza au Marekani. Lakini jamii kubwa zaidi za wahamiaji wa Kosovo haziko huko; ziko Ujerumani na Uswisi, ambako watoto wa Kialbania nao wamelelewa kati ya lugha mbili, dini mbili na meza mbili za chakula. Loredana, aliyezaliwa Uswisi mwaka 1995, mwaka uleule wa Lipa, ni mmoja wao. Ana asili ileile ya Kosovo, ana mchanganyiko usiopungua ule wa London, na amekuwa rapa mwenye jina kubwa katika soko la Kijerumani. Umaarufu wake ulienea kadiri lugha ya soko lake ilivyoweza kwenda. Kama mchanganyiko ndio uliokuwa chanzo, tungetarajia mavuno yafanane. Yalivyotofautiana yanaonyesha kuwa tulikuwa tukiipima mbegu bila kuutazama udongo.

Ushahidi mzito zaidi, hata hivyo, umo ndani ya maisha ya Lipa mwenyewe, katika kile kipindi cha Prishtina ambacho wasifu wake hukitaja haraka na kupita. Huko alisoma kwa Kialbania, akaishi katikati ya jamaa zake, na kwa maelezo yake mwenyewe akahudhuria maonyesho ya wasanii wa hip hop kutoka Marekani, akiwamo 50 Cent. Yaani muziki wa dunia ulikuwa ukiingia Prishtina bila shida. Akiwa na miaka 14 alianza kuweka YouTube nyimbo za wasanii aliowapenda, kama Nelly Furtado na Christina Aguilera, akiziimba mwenyewe. Kwa kipimo cha nadharia, hapo alikuwa na kila kitu: lugha mbili, miji miwili, sauti, na chombo cha kuifikisha duniani. Bado aliona kwamba akibaki pale hatafika mbali, akawashawishi wazazi wamruhusu arudi London. Uamuzi huo uliwezekana kwa sababu alikuwa na haki ya kuishi Uingereza. Desemba 2009 raia wa Serbia, Montenegro na Masedonia waliruhusiwa kuingia nchi za Schengen bila viza. Desemba 2010 ikawa zamu ya Albania na Bosnia. Kosovo iliachwa nje, na wananchi wake hawakupata ruhusa hiyo hadi tarehe 1 Januari 2024. Uingereza, ambayo haimo katika Schengen, iliendelea kuwadai viza. Kwa hiyo katika msimu uleule ambao Lipa alifunga mizigo kurudi London, msichana aliyekaa naye dawati moja, hata angekuwa na sauti ya kumzidi, angelazimika kupanga foleni ubalozini na kueleza kwa nini kijana wa miaka 15 asiye na mkataba wala fedha aruhusiwe kwenda kutafuta bahati ya uimbaji. Utamaduni ulivuka mpaka kwa uhuru kuingia, lakini watu hawakuvuka kwa uhuru kutoka.

Huko London alimalizia masomo ya sekondari, akahudhuria mafunzo ya mwisho wa juma katika shule ya sanaa ya Sylvia Young, akafanya kazi za mikahawani, kisha akapata mameneja waliomwingiza studio kukutana na watunzi na watayarishaji, kabla ya kusaini na Warner. Hapa ndipo tasnia inapofanya kazi yake, na “New Rules” inaonyesha namna inavyoifanya. Wimbo huo ulitungwa na watu watatu: Caroline Ailin, Emily Warren na Ian Kirkpatrick. Jina la Lipa halimo katika orodha ya watunzi. Ukitafuta ndani yake alama ya Prishtina, katika mizani, ala au mada, huipati, kwa sababu ni wimbo wa msichana anayejiwekea masharti ya kutomrudia mpenzi, uliotengenezwa kwa ufundi wa pop ya kimataifa. Albamu ya Future Nostalgia (2020), iliyompa tuzo ya Grammy ya albamu bora ya pop mwaka 2021, inachota katika disko na muziki wa dansi wa miaka ya sabini na themanini, hazina ambayo msanii yeyote wa London angeweza kuifikia. Sisemi kwamba Lipa ni chombo tupu. Sauti yake ya chini, yenye mkwaruzo, ndiyo iliyoupa wimbo ule ubaridi na ukavu unaostahili masharti yake, na katika albamu ile ya pili yeye mwenyewe ni mtunzi mwenza. Ninachosema ni kwamba kazi zilizompa jina hazina kitu ambacho kisingeelezeka bila tamaduni mchanganyiko.

Pingamizi la kwanza litasema kwamba London ina maelfu ya vijana wenye haki ileile ya kuishi, na wengi wao hawakuwa nyota. Hilo ni kweli, ila linachanganya sharti la lazima na sharti la kutosha. Haki ya kuishi haimfanyi mtu kuwa mwimbaji. Kuikosa ndiko kunakomtoa kwenye mashindano kabla hayajaanza. Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, nalo ni Era Istrefi. Alizaliwa na kukulia Prishtina, akatoa “Bonbon” kwa Kialbania mwishoni mwa 2015, wimbo ukasambaa kwenye intaneti, na mwaka 2018 akaimba pamoja na Nicky Jam na Will Smith wimbo rasmi wa Kombe la Dunia. Je, hili halionyeshi kwamba mipaka imeshapoteza maana? Naona linaonyesha kinyume chake. Intaneti ilimfikisha Istrefi mlangoni, lakini kuingia ndani kulihitaji kampuni ya nje na toleo la wimbo kwa Kiingereza. Pingamizi la tatu ni la nyumbani: baba yake Lipa, Dukagjin, alikuwa mwimbaji wa bendi ya roki, Oda, na babu yake, Seit Lipa, alikuwa mwanahistoria anayeheshimika Kosovo. Urithi huo una uzito, nami naupokea. Lakini kulelewa na baba mwanamuziki katika ukoo wa wasomi ni suala la familia na tabaka, na mtoto wa utamaduni mmoja anaweza kuwa nalo vilevile. Kuliweka katika hesabu ya mchanganyiko ni kuipa nadharia mtaji usio wake.

Wasomaji wa Kiswahili wanaufahamu mfano wa zamani zaidi. Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946 katika familia ya Waparsi, akasomeshwa Panchgani nchini India, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Leo Mji Mkongwe una makumbusho yake, yaliyofunguliwa mwaka 2019, na si ajabu kusikia kwamba mchanganyiko wa Zanzibar ndio uliomlea. Lakini kundi la Queen liliundwa London mwaka 1970, na kilichotangulia ni kwamba familia ile ilipata pa kukimbilia. Wazanzibari wengi wa kizazi kilekile, waliokulia katika taarabu, muziki wa Kihindi na filamu za Kimarekani kwa pamoja, hawakuwa na mlango huo.

Nafasi halisi ya utamaduni huonekana baada ya umaarufu. Mwaka 2018 Lipa na baba yake walianzisha Prishtina tamasha la Sunny Hill, lililopewa jina la mtaa wa familia yao, likiwa na lengo la kuchangia taasisi yao ya hisani. Mwaka uliofuata Miley Cyrus alipanda jukwaani hapo. Agosti 2022 Rais Vjosa Osmani alimpa Lipa hadhi ya balozi wa heshima wa Kosovo, na Novemba mwaka huohuo Albania ikampa uraia. Mambo haya hayaelezeki kwa soko. Msanii asiye na lugha ya wazazi wake wala kumbukumbu ya kuishi kati ya jamaa zake asingekuwa na sababu ya kupeleka jukwaa lake Prishtina, wala asingejiingiza mwaka 2020 katika mabishano ya mtandaoni juu ya asili ya Waalbania, yaliyomletea lawama kali. Malezi yalimpa wajibu, na wajibu ukampa mwelekeo. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Yeye amecheza ugenini, na kwao ndiko anakotunzwa.

Mfano mmoja haubebi nadharia nzima, na huenda katika miziki inayojengwa juu ya mapokeo, kama rai ya Algeria na Ufaransa, mchanganyiko unaingia moja kwa moja ndani ya sauti. Kwa pop ya Kiingereza, hata hivyo, nadiriki kusema kwamba kusifu tamaduni mchanganyiko kumekuwa njia ya heshima ya kutozungumzia viza. Hilo lina athari kwa sera, hata kwetu. Kenya imeruhusu uraia wa nchi mbili tangu Katiba ya 2010. Tanzania bado haimruhusu mtu mzima kuwa nao. Na katika nchi zote mbili mjadala huegemea namna ya kuwavuna waliokwisha kufanikiwa nje. Serikali inayompa nyota wa ughaibuni cheo cha ubalozi haijafanya kosa, lakini inavuna alichopanda mwingine. Kipimo cha sera ya utamaduni kingekuwa idadi ya wasanii waliobaki nyumbani ambao serikali imewapigania hadi wakapata ruhusa ya kwenda kufanya kazi penye soko na kurudi, kwa mikataba ya viza, kwa mawakili wa hakimiliki, na kwa studio zinazoweza kuzungumza na kampuni za nje bila kuomba.